Kabla ya kuweka rimu za 18, fikiria barabara ya Matiliku

Wacha nianze na swali ambalo muuzaji wa rimu hatakuuliza: Desemba unaenda wapi?

Kama jibu ni Matiliku, au kijiji kingine chochote unachofikia kwa kuacha Mombasa Road pale Emali ukielekea upande wa kilima cha Nzaui, basi saizi ya tairi unayotaka kununua wiki hii ni mazungumzo kati yako na ile barabara. Mabeshte zako wa Nairobi watangoja. Wao hawatakuwa nawe siku ile utasimama kando ya njia na rimu iliyopasuka, buti limejaa maembe, susu ameketi mbele na mkoba wake magotini, akikuuliza kwa upole kama gari limechoka.

Najua mambo huenda vipi. Umepata Impreza yako, labda ya 1.5, labda 2.0, na umeingia kwenye mbogi ya magari. Mnaongea autokrosi ya Jamhuri Park. Mnaongea Whistling Morans kule Athi River. Mnaongea TT, lile shindano ambalo barabara hufungwa kwa ruhusa, kila gari linaondoka peke yake na mpinzani ni saa. Hatuna Kyalami yetu hapa Kenya, lakini hamu ya kukimbia mahali halali ipo, na hiyo ni hamu nzuri kuliko ile ya kukimbizana Thika Road saa saba usiku ukiwa na watu wanaotoka kazini. Sasa kwenye mbogi kuna msee mmoja mwenye sauti, na anakwambia: weka 18, weka kuta nyembamba, gari litashika kona kama limegundishwa.

Si uongo wote. Lakini ni nusu ya habari, na ile nusu nyingine iko Matiliku.

Tuanze na namba. Inama ubavuni mwa tairi lako usome. Kama ni Impreza ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa utakuta 205/55R16 91V. Mimi niliacha chuo mapema, kwa hivyo tulia, hesabu hii ni ya kuzidisha na kujumlisha tu.

205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni asilimia: ukuta wa tairi, yaani ule ubavu kutoka rimu hadi pale panapogusa barabara, ni asilimia 55 ya huo upana. Hiyo inakupa kama milimita 113. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu kila tairi la gari dogo siku hizi ni hivyo, usijisumbue. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 si kilo wala si spidi, ni namba ya siri ya uzito, na kwenye jedwali la dunia nzima 91 maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi. V ni mwendo wa juu ambao tairi limejengwa kustahimili, kilomita 240 kwa saa.

Sasa kimo. Chukua ukuta mara mbili, ongeza rimu. Inchi 16 ni milimita 406.4. Kuta mbili ni 225.5. Jumla ni karibu milimita 632. Hiyo 632 ndiyo namba unayofaa kuiandika kwenye simu yako, kwa sababu kila saizi mbadala utakayoambiwa inapimwa dhidi yake.

Kwa nini? Kwa sababu gari halijui umebadilisha tairi. Giaboksi, spidomita, mfumo wa ABS, vyote vilipangiwa gurudumu la kimo fulani. Mafundi wengi hutumia kipimo kimoja: usitoke nje ya asilimia 3, juu au chini. Mfano ni wale wanaotaka gari liinuke kidogo kwa ajili ya ocha, wanaweka 215/60R16. Piga hesabu, utapata 664. Hiyo ni asilimia 5 zaidi. Spidomita ikisoma 80, wewe uko 84. Ukipita sokoni ukidhani uko 50, ambayo ndiyo sheria ya kupita senta za biashara, uko karibu 53. Gari linakuwa zito kuondoka, kama limeanza na gia ya juu. Na ukikata kona na watu wanne ndani, unasikia tairi likisugua madigadi.

Ukitaka kuinuka kidogo bila fujo, 215/55R16 inakupa 643, chini ya asilimia 2. Ukuta unaongezeka kwa milimita 5 hivi. Si mingi, lakini kwa vumbi la Makueni kila milimita ina kazi yake.

Sasa tazama saizi ambazo msee wa mbogi anakutajia. 205/50R17 ni 637. 225/45R17 ni 634. 225/40R18 ni 637. Na ile ambayo hakutajii kwa sababu haina sifa kwenye picha, 195/65R15, ni 634. Zote ziko ndani ya asilimia moja ya ile 632 yako. Spidomita haitalalamika. Kwenye karatasi zinaonekana ni kitu kimoja.

Tofauti iko kwenye ukuta. Tairi la 15 lina ukuta wa milimita 127. La 16, 113. Yale ya 17 yana kama 102. La 18 lina 90. Kati ya 15 na 18 umepoteza milimita 37 za mpira na hewa, karibu upana wa vidole viwili, kila upande wa rimu.

Kwenye lami safi, hiyo ni faida. Ukuta mfupi hauyumbi. Ukigeuza usukani, tairi linageuka saa hiyo hiyo, halijipindi kwanza kama kiatu kilichokuzidi. Mtu anayekuambia gari la 18 linajibu haraka hadanganyi.

Lakini ukuta wa tairi una kazi nyingine ambayo ukiishi Nairobi unaweza kuisahau. Ndio saspensheni ya kwanza ya gari, kabla ya springi na kabla ya shoki. Ukipanda jiwe, ukuta unabonyea, hewa inasukumwa, pigo linapungua kabla ya kufika kwenye chuma. Ukuta ukiwa mfupi, unabonyea hadi mwisho haraka sana. Hapo kati ya jiwe na rimu hakuna kitu isipokuwa mpira uliobanwa mara mbili.

Na njia za Matiliku zina namna zake za kukubana. Wewe uliyezaliwa huko unajua. Lami inaisha, unaingia njia ya kwenda kwenu, changarawe na mawe yaliyochongoka. Kuna mito ya msimu isiyo na maji karibu mwaka mzima, na juu yake kuna drifti za zege. Mvua ya Novemba ikija inakula udongo kwenye ukingo wa zege, na baada ya wiki mbili kuna ngazi pale ambapo mwezi uliopita palikuwa tambarare. Unakuja saa moja jioni, jua limezama, taa zako zimejaa vumbi, mbuzi wanavuka. Unafunga breki ukiwa tayari juu ya ngazi, pua ya gari imeinama, uzito wote uko kwenye magurudumu ya mbele. Tu! Kama una ukuta wa 127, unasema pole kwa abiria unaendelea. Kama una 90, unashuka na tochi ya simu.

Utakuta moja ya mambo matatu. Rimu imepinda, hewa inatoka polepole. Au rimu ina ufa. Au, na hii ndiyo mbaya kwa sababu haionekani haraka, tairi lina uvimbe ubavuni, kama yai chini ya ngozi. Uvimbe huo maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kilichozuia hewa ni mpira mtupu. Fundi wa pancha hawezi kuuziba. Hakuna dawa wala kiraka cha ubavu cha kukurudisha Nairobi na familia ndani kwa spidi ya Mombasa Road, katikati ya malori. Tairi hilo limekufa, hata kama lina meno mapya.

Rimu iliyopinda hunyooshwa, wako mafundi hodari. Rimu yenye ufa watu huichomelea. Mimi siwezi kupanda gari lenye rimu ya mbele iliyochomelewa, na sioni kwa nini wewe umpandishe mamako.

Halafu ujiulize utapata wapi lingine. Ukiharibu 195/65R15, hiyo ni saizi ya Toyota Wish, na Wish ziko kila mahali. Kuna uwezekano mzuri duka la tairi la Emali au Wote litakuwa nayo. Ukiharibu 225/40R18 tarehe 24 Desemba, utaanza kupigia watu wa Kirinyaga Road simu, na utalipa nauli ya tairi kama la mtu mzima.

Kama unadhani haya ni maneno ya mtu mwoga, angalia wanaokimbia kwa mshahara. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, magari yaliyokuja Naivasha yalivaa rimu za inchi 15. Ndiyo, 15. Gari lile lile la WRC likienda mashindano ya lami Ulaya huvaa inchi 18. Hata diski za breki hubadilishwa, milimita 300 kwa changarawe na 370 kwa lami, ili rimu ndogo ipate kuingia. Wana wahandisi, wana kompyuta, wana bajeti ambayo mimi na wewe hatutaiona, na bado hawajapata saizi moja ya kufanya kazi zote mbili. Hawajajaribu hata kuitafuta.

Sasa kwa nini wewe unaitafuta?

Maoni yangu ni haya: tairi la kila siku lichaguliwe na barabara mbaya zaidi unayolazimika kupita kwa mwaka, hata kama unaipita mara tatu tu. Treki ipate seti yake. Rimu nne za pili, tairi nne za pili, unabadilisha kwa jeki nyumbani au mnabeba kwenye gari la beshte.

Najua utasema seti mbili ni doo nyingi. Subiri. Seti ya treki haihitaji kuwa ya 18. Hapo ndipo watu hupotea. Kinachokupa sekunde treki ni aina ya mpira kwanza, upana wa pili, na rimu kubwa iko mbali nyuma. Chukua 225/50R16. Piga hesabu: 631. Ni kimo kile kile cha 205/55R16 yako, tofauti haifiki milimita moja, lakini upana umeongezeka kwa milimita 20 na ukuta uko karibu vile vile. Na inakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 6 hadi 8, kwa hivyo ile rimu ya kiwanda ya inchi 6 na nusu inatosha, ingawa 7 ni bora kwa sababu ukuta unasimama wima. Rimu za 16 za kiwanda watu wanazitoa kila siku ili waweke za 18. Nunua zile wanazotoa. Kwa kawaida ni nyepesi pia, na uzito kwenye gurudumu unalipwa mara mbili, ukikanyaga mafuta na ukikanyaga breki.

Ukiwa mtu wa treki fupi zenye kona nyingi, ambako gia ya tano haiguswi, kuna ujanja mwingine: 205/50R16. Kimo ni 611, asilimia 3 na kidogo chini ya kile cha kiwanda. Gari linashuka milimita 10, na linatoka kwenye kona kama ambaye gia zake zimefupishwa bila kufungua giaboksi. Wanaokimbia autokrosi wanaupenda. Lakini usithubutu kuuacha kwenye gari kwa safari. Injini itapiga kelele zaidi Mombasa Road, spidomita itakwambia 100 ukiwa 97, na kule kwenu tumbo la gari liko milimita 10 karibu na mawe. Hii ni saizi ya Jumamosi. Jumapili inatoka.

Isipokuwa una WRX STI yenye breki za Brembo. Hizo kalipa haziingii ndani ya rimu ya 16, unaanza na 17. Basi kaa na 17 ya ukuta mrefu zaidi utakayopata, na uendeshe ocha kama unabeba mayai.

Tuongee mpira. Ubavuni mwa matairi mengi kuna neno treadwear na namba. Namba ndogo, mpira laini, unashika sana na unaisha haraka. Matairi ya siku ya treki kama Yokohama A052 au Bridgestone RE-71RS yana 200. Tairi la kawaida la kwenda kazini huwa 400 na zaidi. Hizo za 200 ni tamu, sitakudanganya. Zikipata moto unahisi gari limekua mikono. Lakini zina mifereji michache, kwa hivyo mvua ikinyesha na maji yakisimama barabarani, tairi linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Na Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, yaani msimu ule ule wa kwenda nyumbani. Juu ya changarawe mpira huo laini unaokota kila kijiwe na kila mwiba wa mgunga. Ukifika Matiliku na semi-sliki, fundi wa pancha atakuita boss kwa heshima zote, na ana sababu.

Sasa wenye Subaru, sogeeni karibu. Gari lako linaendesha magurudumu yote manne. Matairi manne lazima yalingane, si saizi tu, hata kuchakaa. Subaru wenyewe husema mzunguko wa tairi moja usitofautiane na wa lingine kwa zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi. Ukipata pancha isiyozibika, ukaweka tairi jipya moja na matatu yaliyoisha, difu ya katikati inafanya kazi kila sekunde kana kwamba unakata kona isiyoisha, hadi inachemka. Kwa hivyo ile tabia yetu ya kununua matairi mawili mwezi huu na mawili mwezi ujao, kwa Subaru ni kuweka akiba ya kununua giaboksi. Na ukibadilisha kimo cha tairi, kumbuka spea iliyo kwenye buti ilibaki ile ya zamani. Subaru nyingi za automatiki za zamani zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti, unachomeka fyuzi gari liendeshe magurudumu ya mbele peke yake ukitumia spea ndogo. Ijue iko wapi kabla ya giza kuingia.

Kuna mtego kwenye rimu pia. Muuzaji anakwambia rimu za Wish zinaingia Impreza kwa sababu zote zina mashimo matano ya 5x100. Kweli, nati zinalingana. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54.1, na kitovu cha Subaru ni 56.1. Haiingii. Usimruhusu mtu alipanue kwa faili huku akikuhakikishia ni kazi ndogo. Rimu za dukani zisizo za kiwanda zina shida ya upande mwingine, tundu lao huwa kubwa, kama 73.1, na unahitaji pete za kujaza pengo, la sivyo usukani unatetemeka ukipita 90 na utamlaumu mtu wa balansi bure.

Wenye Probox, mnacheka, lakini nyinyi ndio mna hatari zaidi, kwa sababu nyinyi ndio mnabeba. Msimu wa maembe Probox inatoka Matiliku imekaa chini nyuma kama bata. Zile mpya za kuanzia 2014 zilikuja na 155/80R14 88/86N. Nyembamba, hazina sura, nakubali. Lakini 88 ni kilo 560 kwa tairi, na zimejengwa za kubeba. Msee anatoa hizo, anaweka 175/65R14 za Demio kwa sababu ni pana na zinapendeza. Hizo ni 82, maana yake kilo 475. Umepoteza kilo 85 kwa kila tairi, kilo 340 gari zima, na mzigo haujapungua hata kreti moja. Kimo pia kimeshuka zaidi ya asilimia 3. Tairi lililozidiwa halilii. Linachemka pole pole ndani ya ukuta, na linachagua kupasuka mahali gari liko na kasi.

Hata kwa Impreza angalia hiyo namba. 225/40R18 nyingine ni 92, sawa kabisa. Nyingine ni 88, na hapo umetoka kilo 615 hadi 560. Muuzaji hatakutajia. Ni wewe na macho yako.

Tukiwa hapo kwa macho, tafuta DOT ubavuni. Mwisho wa hayo maandishi kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya mtumba yanaruhusiwa kuingia Kenya yakiwa hayajapita miaka 8, na mengine hufika na matairi ya tangu kiwandani. Meno yapo, yanang'aa, lakini mpira umekauka. Bonyeza kwa ukucha, angalia nyufa ndogo ndogo kati ya meno. Na zile seti za rimu na tairi za ex-Japan, ambazo ni rahisi kwa bei, ndizo za kuangaliwa zaidi. Zamani tungekuwa na kisingizio cha kununua mpya ya hapa nyumbani, Yana, lakini kiwanda cha Sameer Nairobi kilifungwa 2016 na tangu hapo karibu kila tairi tunalopata limesafiri mbali.

Upepo je? Kuna kibandiko kwenye mlango wa dereva kinachosema psi ngapi, kwa saizi ya kiwanda, tairi likiwa baridi. Treki huvuruga hiyo hesabu. Joto likipanda nyuzi 40 ndani ya tairi, upepo unapanda kwa kama psi 6. Ukianza na 33 unajikuta 39 baada ya mizunguko michache, tairi limevimba katikati, linateleza, na unadhani wewe ndiye umesahau kuendesha. Anza chini kidogo, pima likiwa moto, punguza. Kisha, na hapa wengi husahau, rudisha upepo kabla ya kuingia Mombasa Road. Tairi lililopunguzwa kwa treki, likabeba watu watano na gunia hadi Emali, ni kile kile kisa cha Probox.

Basi ukishachagua, usingoje Desemba kujua kama saizi inaingia. Jaza gari watu wanne wenye uzito, si wale wembamba wa mbogi. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, panda tuta pole pole, kisha kulia. Sikiliza. Washa tochi uangalie ndani ya madigadi kama kuna alama nyeusi. Pigia mtu wa bima simu umwambie umebadilisha rimu na tairi, akuandikie. Fungua buti uangalie spea ina upepo, jeki inafika chini ya gari, na ile spana ya nati inashika nati za rimu mpya, kwa sababu rimu za dukani mara nyingi huja na nati zake na kifunguo chake, na kifunguo hicho kikibaki kwa droo ya nyumba Umoja, pale Matiliku hata fundi mwenye nguvu zake zote hatakutolea gurudumu.